Aliyevuka Mto Kabla ya Kuzaliwa

Mume wangu hajafa. Naanza na hilo kwa sababu wageni wakinikuta nalia huuliza kaburi liko wapi, nami huwaonyesha kwa kidevu: yule pale, anachonga mpini wa jembe. Wengine hucheka. Mimi sicheki.

Zamani aliitwa Chipasha. Alikuwa fundi baiskeli pale njia panda ya sokoni, mtu wa mikono michafu na moyo mweupe, asiyejua kugombana hata na kuku wanaodonoa muhogo ulioanikwa. Nilipomfokea alisubiri nimalize, kisha akaniuliza, "Mama Katongo, umechoka? Nikuletee maji?" Nilikuwa nakasirika zaidi. Leo ningetoa chochote nilicho nacho nikasirishwe vile tena.

Kilichomchukua ni jina.

Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa Kabaso. Hilo si jina la kumpa mtoto mchanga. Ni la mtu mmoja wa ukoo wa Chui aliyevuka mto Luapula amebeba ngoma ya mfalme, wakati babu zetu walipokuja kutoka magharibi, akachomwa mshale kwenye paja la kushoto. Mtu huyo hajawahi kuruhusiwa kufa. Mwili ukichoka unazikwa, matanga yakiisha jina anavalishwa mtoto wa dada yake, na tangu siku hiyo huyo ndiye Kabaso. Usiseme mrithi wa Kabaso, usiseme badala ya Kabaso, watakutoza kuku. Mwulize mguu wake una nini, atakujibu, "Nilichomwa mshale nikivuka mto." Kijana uliyemwona juzi akicheza mpira! Na kuanzia hapo anachechemea.

Hatukuona ajabu. Tulizaliwa tukakuta hivyo, kama tulivyoukuta mto. Watoto wangu ni wa ukoo wangu mimi, si wa baba yao, kwa hiyo jina lile haliwezi kuwafikia. Namshukuru Mungu kila nikiwaosha miguu.

Huyo mjomba alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa na kambi ya uvuvi kwenye bwawa la Mofwe. Chipasha alipokuwa darasa la kwanza, kijana mmoja wa ukoo wa Mbuzi, jina lake Mwelwa, alikwenda kuvua kwenye kambi ile. Watu waliwasikia yeye na Kabaso wakigombea wavu. Kabaso alirudi na mtumbwi, Mwelwa hakurudi. Polisi walikuja, wakauliza maswali, wakala samaki wetu, wakaondoka. Pasipo maiti hapana kesi, walisema.

Mama yake Mwelwa, Bibi Nsenga, hakuacha kuuliza. Hakutaka mtu afungwe. Alitaka mifupa ya mwanawe aizike, ili jina lake nalo apewe mtoto, asipotee moja kwa moja. Jina la mtu ambaye hakuzikwa haliwezi kuvalishwa mtu. Alikuwa kikongwe tayari, na aliogopa kufa kabla ya kumpata.

Sasa Chui na Mbuzi ni watani. Wanazikana, wanatukanana, wananyang'anyana kofia msibani, na anayenuna ndiye mjinga. Bibi Nsenga aliingilia mlango huo. Kila msiba, kila ngoma, alimfuata Kabaso mbele ya watu: "Wewe Chui, mwanangu umemweka wapi? Yule wangu wa jino nusu?" Mwelwa alianguka na baiskeli utotoni akavunjika jino la mbele, na mama yake kila alipomtaja aligusa jino lake mwenyewe kwa kidole gumba. Watu walicheka, maana ni utani. Kabaso hakucheka, wala hakujibu. Mtu mwenye ulimi mrefu vile, swali hilo moja alilinyamazia mpaka tukamfukia.

Siku ya kumvalisha Chipasha jina walimkalisha kwenye mkeka mpya, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakamfunga shanga nyeupe mkononi, wakampa upinde. Mzee Kaoma, mkubwa wa ukoo wao, akamnywesha pombe ya ulezi kwenye kibuyu, akasema, "Kabaso, pole na safari." Mama yake mzazi akapiga magoti, akapiga makofi, akamwambia mtoto aliyemzaa mwenyewe, "Kaka, umerudi." Nilificha mdomo kwenye kitenge nisicheke. Chipasha naye aliniangalia kwa pembe ya jicho, tukaelewana. Tulijua tutalicheka jambo hilo nyumbani.

Ndipo Bibi Nsenga akaja na fimbo yake, anapita katikati ya watu kama mwenye mkeka.

"Chui! Umerudi? Safari hii umevaa sura nzuri kidogo."

Watu wakacheka.

"Mwanangu umemweka wapi? Wa jino nusu?"

Mtani hanuniwi, na Chipasha alikuwa kijana wa watu, kibuyu cha pili kilikuwa kimekwisha kupita kooni. Akamjibu kama mtani yeyote angejibu.

"Nilimla, bibi! Chui hula nini, kama si mbuzi?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, na kicheko hicho bado nakisikia. Bibi Nsenga peke yake hakucheka. Alisimama wima, akageuka polepole akiwaangalia watu mmoja mmoja mpaka wakanyamaza.

"Mmesikia?" akauliza. "Yule alininyima jibu mpaka akanyauka. Leo amesema. Kabaso amesema."

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wake uliponza nyumba nzima.

Asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta Bibi Nsenga amekaa uani kwetu, miguu ameinyoosha. Hakuja kwa ugomvi. Aliniamkia vizuri, akaomba maji, akanywa. Chipasha alipotoka na mfuko wake wa spana, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Kabaso, umemweka wapi?" Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Tulizoea kumpa uji. Watu sokoni nao wakaanza: lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Wateja wakapungua. Nani anataka breki zake zifungwe na mtu aliyezamisha mtoto wa watu?

"Mwambie hukuwapo," nilimwambia mume wangu. "Neno moja tu. Sikuwapo. Basi."

"Ni kikongwe, Mama Katongo. Nitamjibu vipi hivyo?"

"Mjibu kama mtu mwenye akili! Ulikuwa darasa la kwanza, hujui hata kufunga kaptula!"

Akajaribu. Nilikuwepo. Alichuchumaa mbele ya yule bibi, akamshika mkono, akasema kwa upole, "Bibi, nisikilize. Ule ulikuwa utani. Mimi wakati ule sikuwa..."

"Mguu wako una nini?" bibi akamkatiza.

"Nilichomwa mshale nikivuka mto," akajibu.

Lilimtoka lenyewe. Walimfundisha wiki nzima kabla ya sherehe, na watu walimwuliza mara nyingi kwa kumpima. Bibi Nsenga alicheka kicheko kikavu, akampigapiga begani. "Endelea, baba. Ulikuwa unasema hukuwa wapi?"

Chipasha aliinuka, akarudi ndani. Siku hiyo hakwenda kazini.

Nikaenda kwa Mzee Kaoma, nimefura. Nilimkuta anaanika dagaa.

"Mzee, mwiteni huyu bibi mmwambie. Mume wangu alikuwa na miaka saba."

"Nani alikuwa na miaka saba?"

"Chipasha!"

"Aa, yule fundi baiskeli. Hatuzungumzi habari zake. Tunazungumza habari za Kabaso."

"Basi Kabaso aseme hakuwapo."

"Mto alivuka, hakuvuka?"

"Alivuka, mzee."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hata bibi yangu alikuwa hajazaliwa."

"Sasa huko kote alikuwapo, ngoma kabeba, mshale kala. Halafu mambo ya juzijuzi tu, hapo Mofwe, asiwepo?" Alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwendawazimu. "Mwanangu, anayepokea nyumba amepokea na kunguni wake."

"Basi avue hilo jina. Chukueni shanga zenu."

Mzee Kaoma aliacha dagaa. Kwa mara ya kwanza aliniangalia vizuri. "Akilivua, Kabaso atakufa. Mtu ameishi tangu ng'ambo ya mto, aje kufia mikononi mwa mumeo? Hapo ndipo atakuwa mwuaji wa kweli, wala hatutahitaji kutafuta mifupa. Na mifupa yenyewe mnayoitafuta Mofwe, hah! Ukingo ule wote ni makaburi. Watu waliokufa kwa ndui zamani walifukiwa popote mtumbwi ulipogota."

Nilirudi nyumbani natukana njia nzima. Nilimtukana Kaoma, nikamtukana huyo aliyevuka mto. Kwa nini hakuzama?

Nilipita kwa Mama Mpundu, mjane wa yule mjomba. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba sina wazimu. Alikuwa anamenya muhogo uliolowekwa, na hakuacha kumenya.

"Wangu aliitwa Ng'andwe," alisema.

"Nani?"

"Mume wangu. Nilipoolewa aliitwa Ng'andwe. Alikuwa mwimbaji kanisani, sauti nyembamba kama ya msichana, wenzake wakimcheka. Pombe hakuwa anagusa. Kisha wakamvalisha. Kabaso wa kabla yake alikuwa mlevi mgomvi, basi watu wakawa wanamwambia, Kabaso, kumbuka ulivyompiga fulani. Kabaso, kumbuka ulivyovunja mlango wa fulani. Mwanzoni alikuwa anacheka."

Nikaketi chini kando yake.

"Siku ile aliyorudi na mtumbwi bila Mwelwa," nikamwuliza, "alisema nini?"

"Alitaka ugali."

"Nawe hukumwuliza?"

"Ningemwuliza nani?" Akanitazama. "Ng'andwe ningemwuliza."

Baada ya hapo nilianza kumchunguza mume wangu kama mtu anayechunguza mtoto mwenye homa. Mwanzoni alichechemea mbele ya watu tu, sasa alichechemea hata akienda kuoga. Alianza kunusa ugoro. Mfuko wa spana ukaning'inia ukutani mpaka buibui wakaujengea. Nikimwita Chipasha aliitika, lakini baada ya kufikiri kidogo, kama mtu anayekumbushwa jirani wa zamani. Aliacha kuniita Mama Katongo. Aliniita "mwanamke," kama mjomba wake alivyomwita Mama Mpundu.

Hakuwahi kunipiga, msije mkasema nimesema. Ila siku moja Katongo alimwaga mboga, baba yake akainua mkono, ukabaki juu. Sisi na watoto sote tuliutazama ule mkono. Yeye mwenyewe aliutazama kuliko sisi. Akatoka, akaenda kukaa uani karibu na Bibi Nsenga.

Nilimsikia akimwuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani, Mwelwa?"

Naye akamweleza. Jinsi alivyopenda muwa. Jinsi alivyoiba viatu vya baba yake akaenda navyo ngomani. Kila siku alimweleza kidogo, na mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa, hata nikawa sijui yupi kati yao aliyempoteza mtoto. Nilitaka kumfukuza yule bibi kwa mchi. Nilishindwa. Alikuwa akila uji wetu kwa adabu, anakonda, na mimi pia ni mama.

Kisha asubuhi moja mume wangu akasema mbele yetu sote, "Nimekumbuka. Yuko kwenye kichuguu."

Kichuguu kile cha kambini kila mtu anakijua. Yule mjomba alikuwa akikaa juu yake jioni, na hakuruhusu mtu kuchota udongo wake. Hata mimi ningeweza kubahatisha hapo. Nilimwambia hivyo: "Hukukumbuka. Umefikiri. Kufikiri si kukumbuka!" Akanijibu taratibu kwamba anauona wavu, anaona damu kwenye ukingo wa mtumbwi, anasikia mkono unavyouma baada ya kupiga kwa kafi.

"Ni yeye aliyekusimulia," nilisema nikimwonyesha Bibi Nsenga.

"Hajanisimulia damu," mume wangu akasema.

Ilikuwa kweli. Bibi Nsenga hakuwahi kutaja damu.

Tulikwenda kwa mitumbwi mitatu, Chui na Mbuzi pamoja, na kwa mara ya kwanza watani wale hawakutupiana neno. Mume wangu ndiye aliyechimba. Hakutaka msaada. Niliomba Mungu kusiwe na kitu, nikaahidi nitaacha kutukana, nitaacha kila kitu. Jembe likagonga. Akapiga magoti akafukua kwa mikono, akatoa mfupa wa paja, mbavu, kisha kichwa. Wanawake wakaangua kilio. Mzee Kaoma alivua kofia. Naye mume wangu akasema, kwa sauti niliyokuwa naijua na isiyokuwa yake, "Nilimzika mimi."

Walimpa Bibi Nsenga kile kichwa. Alikipakata, akapangusa udongo kwa kitenge chake, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya mbele. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona. Meno ya mbele yalikuwa mazima yote. Na magego yalikuwa yamelika mpaka yamekuwa bapa, meno ya mtu aliyetafuna ulezi maisha marefu. Yule alikuwa mzee. Mzee wa ndui, aliyefukiwa pale mtumbwi ulipogota.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, kwenye kilio cha watu. Niliinama nikamnong'oneza, "Bibi, jino..."

"Macho yangu ni mabovu. Kidole changu si kibovu."

"Basi si yeye!"

Hakugeuka. Alionyesha kwa kidevu. "Yule pale mwenye jembe ni nani?"

Niligeuka nikamtazama mume wangu, mikono yake imejaa udongo.

"Wewe ndiye unayelala naye. Sema. Ni nani?"

"Wanasema ni Kabaso."

"Basi na huyu ni Mwelwa," akasema, akakifunika kile kichwa na kitenge kama unavyomfunika mtoto jua lisimpige.

Walimzika vizuri. Kitukuu wa Bibi Nsenga akavalishwa jina la Mwelwa, na yule bibi akamwita "mwanangu," akamnunulia muwa. Hakuja tena uani kwetu. Alikufa kabla ya mvua, amelala kwa amani, na watu waliuliza kwa nini sikulia.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Siku ya pili baada ya mazishi ya mifupa ile, nilimngojea mume wangu ale ashibe, nikawatoa watoto nje, nikakaa mbele yake. Nilijiona nimeshika ufunguo.

"Nisikilize. Kichwa kile kilikuwa cha mzee. Jino la mbele lilikuwa zima. Bibi Nsenga mwenyewe alijua, alikichukua tu kwa sababu amechoka. Ukafukua mtu mwingine kabisa. Unaelewa maana yake? Hukukumbuka kitu. Ile damu uliiota. Hukumwua mtu. Wewe ni Chipasha, fundi baiskeli, na ulikuwa darasa la kwanza."

Uso wake ulilegea, nikaona, naapa niliona, yule mtu aliyekuwa akiniletea maji.

"Una hakika na jino?"

"Nimeliona kwa macho yangu haya."

"Mama Katongo," akasema. Miezi mingi hakuwa ameniita hivyo, na machozi yakanitoka. "Mama Katongo, umefanya vizuri kuniambia."

Akasimama, akanawa mikono, akatoa jembe nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kama yule si yeye," akasema, "basi si pale nilipomweka."

Nilimshika shati, likachanika mkononi mwangu. Alitoka juani akiburuta mguu wa kushoto, akashika njia ya bwawani, na Katongo akamkimbilia akimwita baba, baba, mpaka kwenye mti wa mwisho.

Tangu hapo huenda kila siku ambayo maji hayajafunika ukingo. Watu wa ndui ni wengi. Huwafukua, huwatazama meno, huwarudisha kwa heshima. Jioni hurudi, hukaa kwenye kigoda, humwangalia Katongo akimchotea maji ya kunawa. "Leo sikumpata," huniambia. "Kesho nitakumbuka."